Mtoto kaamka mwili wa moto: aende shule au abaki nyumbani?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Niko Morogoro, nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka 7, yuko darasa la pili. Mdogo ana miaka 4, yuko chekechea hapohapo. Wiki iliyopita mkubwa aliamka saa kumi na moja alfajiri mwili wa moto. Nikampa panadol, joto likashuka, akaoga, akanywa chai, akaenda. Saa nne na nusu mwalimu akanipigia nikamfuate, kalala kwenye dawati anatetemeka. Nilisemwa mbele ya watu. Nikimbakiza kwa kila kikohozi, shule wanataka sababu. Nikimpeleka, naitwa mzembe. Na sasa darasani kwao kumeingia tetekuwanga. Nitajuaje siku ya kumbakiza na siku ya kumpeleka?"

Jibu: Dada, pole kwa kusemwa. Hukuwa mzembe, ila panadol ilikufichia ugonjwa, na ukipiga hesabu utaona ilivyofanya. Paracetamol, ndiyo hiyo panadol, huanza kushusha joto ndani ya saa moja hivi, na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Ulimpa saa kumi na moja alfajiri. Saa moja asubuhi alipoingia getini alionekana mzima. Kuanzia saa tatu dawa ikawa inaisha mwilini, na saa nne na nusu simu yako ikaita. Dawa ile hushusha joto na kutuliza maumivu, basi. Kilicholeta joto haikigusi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: usiupime uzima wa mtoto akiwa na panadol mwilini. Akiamka wa moto, uamuzi umeshapatikana, anabaki. Dawa mpe ili apumzike na aweze kunywa, si ili afike shule. Anarudi darasani akishamaliza saa 24 bila homa na bila dawa yoyote ya kushusha homa. Kama joto la mwisho lilikuwa Jumatatu jioni, Jumanne yupo nyumbani hata akiamka anacheka. Jumanne ikipita yote akiwa wa kawaida, Jumatano anakwenda.

Kiganja cha mkono kinaweza kukuambia mtoto ni wa moto, lakini hakikuambii kiasi, na mkono uliotoka kwenye maji ya baridi humwona kila mtu ana homa. Nunua kipimajoto cha kidijitali famasi. Futa jasho kwapani, weka ncha yake katikati ya kwapa, mbane mkono mpaka kilie. Kwapani, nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Usimpime akiwa ametoka kuoga maji ya moto, kukimbia, au kuvuliwa sweta sasa hivi. Subiri kama dakika 15.

Kipimo cha paracetamol kinakwenda kwa uzito, si kwa umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 22, uzito wa kawaida kwa miaka 7, anahitaji kama miligramu 240. Hiyo ni mililita 10 za sirapu iliyoandikwa 120mg/5ml, au nusu ya kidonge cha 500. Soma chupa kila unaponunua, maana zipo sirapu za 250mg/5ml, na mama akizoea "vijiko viwili" anampa mtoto mara mbili ya kipimo bila kujua. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini usimpe mtoto kamwe. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa virusi inaweza kudhuru ini na ubongo.

Sasa malaria. Kwa Morogoro, na kwa maeneo mengi ya nchi yetu, homa ni homa ya kupimwa siku ileile. Mpeleke zahanati au kituo cha afya akachomwe kidole, kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Usianze dawa mseto kwa kukisia, na usimpe vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Kipimo kikisema hana, mwambie mhudumu atafute chanzo kingine cha homa. Na homa ikiendelea siku ya pili au ya tatu, rudi apimwe tena, kwani vimelea vinaweza kuwa vichache mno mwanzoni.

Akikutwa nayo, malaria haiambukizwi kwa kukaa dawati moja. Anabaki nyumbani kwa sababu mwili hauna nguvu, na kwa sababu mtoto wa malaria anaweza kubadilika ndani ya saa chache akiwa mbali na macho yako. Dawa mseto ya ALu ni dozi sita kwa siku tatu. Kwa kilo 15 hadi 24 ni vidonge viwili kila mara, vyote 12. Dozi ya pili inakuja saa nane baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni. Inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo mwili hauinyonyi vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi ileile, kisha urudi kituoni kuomba ya kujazia. Wengi huamka salama siku ya pili, na hapo ndipo kosa linapotokea: mtoto anapelekwa shule, jioni pilikapilika nyingi, dozi inasahaulika, vimelea vinasalia. Akiwa hana homa kwa saa 24, anakula na anatembea vizuri, anaweza kwenda hata kabla vidonge havijaisha, kwa sharti dozi za asubuhi na jioni zisimamiwe na mtu mzima. Wala usimpime tena kwa kipimo kilekile wiki inayofuata ili "kuhakikisha". Kipimo cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, na mtoto akarudiwa dawa bure.

Homa ikiwa haipo, jiulize maswali matatu kabla ya kumvalisha sare. Je, ataweza kukaa, kusikiliza na kucheza leo? Je, mwalimu mwenye watoto 60 au 80 ataweza kumwangalia bila kuwaacha wengine? Je, anachoumwa kitawafikia wenzake kwa njia ambayo shule yao haiwezi kuizuia? Jibu moja baya linatosha kumbakiza. Swali la tatu linategemea sana shule ilivyo. Penye kibuyu chirizi (dumu la kunawia mikono linalochuruzisha maji) na sabuni kila choo, hatari ni tofauti na penye ndoo moja ya maji ya kunywa na kopo moja la darasa zima.

Hii ndiyo maana kuhara nakuwekea mkazo kuliko mafua. Choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku ni kuhara, na kutapika mara mbili au zaidi ni sababu tosha ya kubaki. (Mtoto aliyetapika mara moja ndani ya basi la shule akiwa amejaza uji tumboni, kisha akawa sawa, hahesabiki hapa.) Anarudi baada ya saa 48 tangu choo chepesi cha mwisho au tapishi la mwisho. Saa 48 zinaonekana nyingi, lakini vijidudu huendelea kutoka tumboni baada ya mtoto kujisikia mzima, na choo cha shule ndicho kinachogawa.

Nyumbani mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji. Pakiti nyingi ni za lita moja ya maji safi na salama, lakini soma kilichoandikwa juu yake, kisha pima lita kwa chupa unayoijua, usikadirie kwa jagi. Maji yakiwa machache, chumvi inazidi na kumdhuru. Yakiwa mengi mno, haimsaidii. Ukishakoroga, itumike ndani ya saa 24, inayobaki imwagwe. Baada ya kila choo, mtoto wa miaka 2 hadi 10 anywe mililita 100 hadi 200, yaani nusu kikombe hadi kikombe cha chai, kwa mafunda madogo. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole. Mwanao mdogo wa miaka 4 akiharisha apewe pia zinki miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na aimalize hata kama kuhara kumekoma na amesharudi chekechea. Aendelee kula. Damu kwenye choo, au choo kama maji ya mchele, si vya kuuguza nyumbani, na usingoje kesho.

Mafua na kikohozi ndiyo yanayokusumbua kila wiki, na hapa nakuomba ulegeze. Mtoto mdogo mwenye afya nzuri anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, kila mara siku saba hadi kumi. Ukimbakiza kwa kila kamasi, atakosa miezi miwili ya masomo. Kama hana homa, anakula, amelala usiku na anacheza, aende. Mpe kitambaa chake au karatasi laini, mfundishe kukohoa kwenye kiwiko cha mkono. Kamasi kuwa za kijani au njano baada ya siku tatu nne ni hali ya kawaida ya mafua yanayokomaa. Hazidai antibayotiki wala hazidai kubaki. Kinachombakiza ni kikohozi kinachomkatiza maneno au kumtapisha, pumzi za haraka, au mluzi kifuani. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu, hasa kama nyumbani au kwa jirani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu. Mwenye pumu iliyodhibitiwa anakwenda shule na pampu yake ya bluu pamoja na chombo cha kuvutia hewa, na mwalimu anaonyeshwa jinsi ya kuvitumia kabla ya siku ya shida.

Koo linalouma bila mafua wala kikohozi, pamoja na homa na tezi za shingoni zilizovimba, ni jambo jingine. Baadhi ya koo hizo huletwa na bakteria ambao wakipuuzwa wanaweza kuacha vali za moyo zimeharibika, na wodi zetu za moyo zina vijana wengi wa namna hiyo. Apimwe. Akiandikiwa penisilini au amoksilini, anarudi shule baada ya saa 24 za dawa akiwa hana homa, lakini dozi inakwenda mpaka mwisho, mara nyingi siku 10. Na kama dawa imeandikwa mara tatu kwa siku, huna haja ya kumpa mwalimu kazi ya uuguzi: saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri akirudi, saa tatu usiku.

Tetekuwanga uliyoitaja. Inaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, ndiyo sababu darasa lenu halikuweza kuikwepa, na inaendelea mpaka kipele cha mwisho kimekauka na kufanya gamba. Usihesabu siku peke yake. Vipele hutoka kwa mikupuo. Cha kwanza kinaweza kuwa gamba huku kipya kina maji. Mkague mwili mzima, kichwani ndani ya nywele na mdomoni pia. Kwa kawaida ni siku tano hadi saba tangu kipele cha kwanza. Magamba yaliyokauka hayaambukizi, hata kama yanaonekana vibaya. Mwalimu akimrudisha kwa sababu ya makovu, mweleze kwa upole. Mkate kucha, mpake losheni ya kalamaini kwa muwasho, mpe paracetamol kwa homa. Aspirini na ibuprofeni visitumike kwenye tetekuwanga. Mjulishe mwalimu mapema, kwa kuwa huenda shuleni kuna mwalimu mjamzito ambaye hajawahi kuugua, au mtoto mwenye kinga dhaifu, na hao wanahitaji kumwona daktari mara tu wakikutana nayo.

Mdogo wa chekechea, kaka yake akitoka vipele, hana sababu ya kubaki nyumbani akiwa mzima. Ugonjwa hukaa siku 10 hadi 21 kabla ya kujitokeza, mara nyingi wiki mbili. Mkague kila asubuhi ukimwogesha, kuanzia siku ya nane tangu kaka yake atoke vipele mpaka wiki tatu baada ya vya kaka yake kukauka. Ukiona kipele kimoja chenye maji, siku hiyo haendi.

Usiichanganye na surua. Surua huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele vidogo visivyo na maji vinashuka kutoka usoni na nyuma ya masikio. Mwenye dalili hizo anakwenda kituo cha afya, apewe na vitamini A, na abaki nyumbani mpaka zipite siku nne tangu vipele vitoke. Angalia kadi: chanjo ya surua na rubela ni dozi mbili, miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika kwa sababu mtoto ameshaacha kupelekwa kliniki kila mwezi. Matumbwitumbwi ni siku tano tangu shavu livimbe.

Macho mekundu yaliyovuma Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024 yalikuwa ya virusi, na hayo huenea kwa mkono, taulo na mto. Mtoto abaki mpaka machozi na matongo yameisha. Futa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na pamba safi, pamba moja kwa kila jicho, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Chumvi, majani ya chai, maziwa ya mama na matone yaliyobaki ya mtu mwingine vyote viweke mbali. Akilalamika mwanga unamuumiza au haoni vizuri, ni hospitali.

Ya ngozi nayapitia haraka, kwa kuwa watoto wengi wanarudishwa nyumbani bila sababu. Chawa, minyoo na funza havimnyimi mtoto shule. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki sita hadi nane, mafuta ya kupaka hayafiki kwenye shina la nywele. Akishaanza dawa anaendelea na masomo, na mashine ya kunyolea isafishwe. Upele unaowasha usiku, baina ya vidole na kiunoni: wapakwe dawa watu wote wa nyumba siku moja, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani, naye anarudi kesho yake. Muwasho unaweza kuendelea hata wiki mbili hadi nne, na si lazima kuwa dawa imeshindwa. Vidonda vyenye usaha au gamba la rangi ya asali vifunikwe, na mtoto arudi saa 48 baada ya kuanza dawa au vikishakauka.

Kama mmoja wa wanao ana selimundu (sickle cell), yote niliyosema kuhusu kungoja hayamhusu. Homa kwake ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama panadol imeishusha, maana maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya saa chache. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto mwenye saratani au anayetumia dawa zinazopunguza kinga.

Na kwa mtoto yeyote, yafuatayo yanaondoa kabisa swali la shule: degedege; kushindwa kunywa au kutapika kila kitu; kulegea, kuchanganyikiwa, au usingizi usioamshika; shingo kukakamaa; mbavu kuingia ndani anapovuta hewa; macho kubonyea na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole; kukojoa kidogo sana au mkojo wa rangi ya kokakola. Pumzi zihesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi ni nyingi mno. Kwa aliyezidi hapo, 30 au zaidi. Ukiona lolote kati ya haya, nenda moja kwa moja hospitali.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kipimajoto hakiuoni. Mtoto anaumwa tumbo kila Jumatatu saa kumi na mbili, Jumamosi ni mzima, likizo ni mzima. Usimwite mwongo, tumbo linamuuma kweli, hofu hukaza tumbo. Muulize jioni, si asubuhi mkiwa mnakimbilia daladala: nani anakaa naye, nani anamnyang'anya hela ya mihogo, mwalimu gani anachapa, choo cha shule kikoje. Wasichana wengi wa madarasa ya juu huumwa tumbo siku ambazo hawana taulo za kike, na hilo linatibiwa kwa taulo, si kwa dawa. Ukimbakiza nyumbani mara kwa mara bila kuuliza, kurudi kunazidi kuwa kugumu.

Kuhusu shule kudai sababu: usisubiri wakupigie. Kabla ya saa moja asubuhi mtumie mwalimu wa darasa ujumbe wenye mambo matatu, mtoto ana nini, tangu lini, na lini unategemea atarudi. Kwa mfano: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la pili ana homa tangu jana jioni, nampeleka kupima malaria leo. Akipoa atakuja keshokutwa. Naomba kazi za leo nizipate kwa mwenzake." Cheti cha kliniki kiweke, picha yake mtumie mwalimu. Mwalimu aliyejulishwa mapema hujaza daftari la mahudhurio kwa sababu halali, na hujua kuwaangalia waliokaa dawati moja na mwanao. Ukiwa na kazi isiyokupa ruhusa, mpange mapema mtu mmoja wa kubaki naye, bibi, shangazi au jirani, muachie kipimajoto, ORS, na karatasi iliyoandikwa saa ya dozi iliyopita na kiasi chake. Bila karatasi hiyo, bibi anampa panadol saa tano, nawe unampa tena saa saba.

Siku atakayorudi, mwombe mwalimu asimkimbize mchakamchaka wala michezo kwa siku mbili tatu, maana mwili uliotoka kwenye malaria au kuhara huchoka mapema kuliko sura inavyoonyesha. Mfungashie chakula chepesi, na chupa yake ya maji yenye jina, asitumie kopo la kwenye ndoo.